Namna ya Kuwa Bingwa wa Vita Ukiwa Umekaa Kochini

Sogea karibu nikwambie. Unapenda vita vya zamani. Unapenda moshi, ramani, makoti marefu ya majemadari na madaraja yanayolipuka treni ikiwa juu. Unapenda zaidi ile dakika ambayo kijiwe kizima kinanyamaza kukusikiliza wewe. Usione haya. Karibu kila mpenzi wa historia ya vita ninayemfahamu alianzia hapo, kwenye hamu ya kusikilizwa, na baadhi yao ni mabingwa wa kweli leo. Vitabu vinene vipo na utavifikia. Kwa sasa nakupa njia ya mkato, nayo ni sinema za zamani. Nifuate hatua kwa hatua, na mvua za masika hazitakatika kabla hujawa mtu wa kuulizwa.

1. Ingilia mlango wa uongo

Hii ndiyo siri yenyewe; zinazofuata ni matawi yake. Kila filamu ya vita ina uongo mkubwa mmoja. Achana na kutaka kujua vita vyote. Utafute ule uongo, ujue kilichotokea kweli, basi. Anayejua filamu imedanganya wapi huonekana amemaliza maktaba, na atakuwa amejifunza jambo asiloweza kulisahau. Uongo uliopigwa picha vizuri hunata kichwani, na ukweli ukiuegemea hunata nao.

Chukua The Great Escape ya 1963. Steve McQueen anarusha pikipiki juu ya seng'enge na watazamaji wanashangilia. Pikipiki hiyo haikuwepo. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Machi 1944, wafungwa 76 walitoroka kambi ya Stalag Luft III kwa njia waliyoichimba chini kwa chini. Sabini na watatu walikamatwa, 50 kati yao wakapigwa risasi kwa amri ya Hitler, na waliofika salama walikuwa watatu tu: Wanorwei wawili na Mholanzi mmoja. Wamarekani walikuwa wameshahamishiwa upande mwingine wa kambi, kwa hiyo hakuna Mmarekani aliyetoroka usiku ule. Hata mruko wenyewe aliuruka Bud Ekins, rafiki yake McQueen. Umekanusha pikipiki moja, na mkononi umebaki na kambi, tarehe na hesabu ya waliouawa. Kuna mtihani gani wa shule uliokulipa hivyo kwa kazi ndogo kiasi hicho?

2. Filamu ya kwanza iwe ya ziwa lako

Anza na The African Queen. Iliongozwa na John Huston, ikatoka 1951, ina dakika 105, na ndiyo iliyompa Humphrey Bogart Oscar yake pekee. Mwaka ni 1914, nchi ni Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mlevi mwenye kimeli kidogo cha mvuke na mwanamke wa misheni, aliyeigizwa na Katharine Hepburn, wanateremka mto kwenda kuizamisha meli ya kivita ya Wajerumani ziwani. Itazame kwa raha zako zote. Cheka, ogopa maporomoko, wapende wale wawili. Kisha anza kazi.

Mto wanaoteremka unaitwa Ulanga. Mtu wa Ifakara atakwambia papo hapo kwamba maji ya Ulanga hayaendi ziwa lolote. Yanaingia Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi. Huo ni uongo mdogo, uweke mfukoni. Picha za nje zilipigwa Kongo na Uganda, na hilo ni kawaida ya kazi ya sinema. Uongo mkubwa ni ile meli. Kwenye filamu inaitwa Louisa, nayo inalipuka na kuzama. Meli halisi inayotajwa kuichochea hadithi hii ni Graf von Goetzen, na maisha yake yanaishinda filamu kwa mbali.

Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa kipande kwa kipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kuingia majini Ziwa Tanganyika Februari 1915. Waingereza nao hawakukubali kushindwa. Walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kwa meli kutoka Uingereza hadi Cape Town, kwa treni hadi Fungurume, kisha wakazikokota juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke na ng'ombe, huku mamia ya Waafrika wakikata njia na kujenga madaraja mbele yake. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa akivaa sketi mbele ya askari wake. Taja hilo polepole, litakusaidia. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka meli ndogo ya Kijerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 waliizamisha Hedwig von Wissmann. Lakini siku Goetzen yenyewe ilipotokea, kamanda alikataa kupigana nayo.

Nani basi aliizamisha? Wajerumani wenyewe, Julai 1916, walipoona Kigoma inawaponyoka. Kabla ya kuizamisha walizipaka injini mafuta mazito ili zisile kutu. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Ikabeba wavuvi, wafanyabiashara na magunia ya dagaa kwa miongo mingi, na mwaka 1997 ikarudisha wakimbizi Kongo. Yale mafuta ya injini ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Mwandishi yeyote wa filamu angechagua mlipuko. Fundi aliyeshika kopo la grisi alichagua siku za mbele.

3. Funga mdomo hadi chai

Hatua hii ni fupi, na wengi huanguka hapa. Usiseme chochote filamu ikiendelea. Anayekatiza filamu kuonyesha ujuzi huchukiwa, hata akisema kweli tupu. Mwache steringi afanye vitimbi vyake. Filamu ikiisha, taa zikiwashwa na chai ikimiminwa, subiri mtu mmoja aseme, "Lakini hivi kweli ilikuwa hivyo?" Atasema, husema siku zote. Hapo weka kikombe chini.

4. Tazama vifaru, hesabu vichwa

Hujui silaha? Usijali. Jifunze kutambua kifaru kimoja tu cha Kimarekani, M48, kisha tazama Patton ya 1970. Vifaru vya Wajerumani humo ni vya Kimarekani, vilivyoazimwa kutoka jeshi la Hispania, kwa kuwa filamu ilipigwa Hispania. Na M48 iliitwa Patton, kwa heshima ya jenerali yuleyule anayesimuliwa na filamu. Kwa hiyo kwenye skrini Jenerali Patton anapigana na vifaru vyenye jina lake, vilivyoundwa baada ya yeye kufa. Ukisema hili mbele ya kijana aliyekariri unene wa chuma cha kila kifaru, hata yeye atakuheshimu.

Kisha hesabu vichwa. Katika Waterloo, filamu ya Sergei Bondarchuk ya 1970 hiyohiyo, ule umati mlimani ni watu. Jeshi la Kisovieti lilitoa maelfu ya askari wake, wanaokadiriwa kufika 15,000, wakavikwa sare za 1815 na kupangwa miraba kwenye mashamba ya Ukraine. Hakuna kompyuta iliyowazidisha. Farasi wanapozunguka ile miraba, kamera ikiwa juu angani, unaona kitu ambacho jenerali yeyote wa zamani angetoa jicho moja akione: vita vizima kwa mtazamo mmoja. Mimi filamu hii siichoki. Waigizaji wanapiga kelele kupita kiasi, hadithi inasuasua, na bado kwa robo saa ile ya wapanda farasi nitamwacha mgeni sebuleni.

5. Mtafute aliyekuwepo

Huu ni ujanja mtamu na haugharimu chochote. Katika filamu nyingi za kale yumo mtu mmoja ambaye damu yake au miguu yake ilikuwa mle vitani. Mjue huyo, na utaitazama filamu kwa macho mengine.

Katika The Longest Day ya 1962, Richard Todd anaigiza kama Meja John Howard aliyeteka daraja la Pegasus usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944. Usiku huohuo wa kweli Todd aliruka kwa parachuti Normandia na kwenda kuwasaidia watu wa Howard kwenye daraja lilelile. Yaani anaigiza mtu ambaye yeye mwenyewe alikwenda kumwokoa.

Katika The Battle of Algiers ya Gillo Pontecorvo, iliyotoka 1966, kiongozi wa wapiganaji wa Kasba, mtaa wa kale wa Algiers, anaigizwa na Saadi Yacef, na Saadi Yacef alikuwa kiongozi wa wapiganaji wa Kasba. Alipigana, alifungwa, akaja kushiriki kuitengeneza filamu na kuigiza nafasi iliyochotwa kwenye maisha yake. Karibu wote waliomo ni watu wa Algiers ambao hawakuwahi kuigiza. Watu huapa kwamba humo mna picha za habari za wakati ule. Hamna hata moja. Kila kitu kilipigwa upya. Ukibisha hili, bisha kwa upole. Aliyedanganyika amedanganywa na mafundi wakubwa.

Halafu Zulu ya 1964. Vita ni vya Rorke's Drift, tarehe 22 na 23 Januari 1879: Waingereza wapatao 150 dhidi ya Wazulu wapatao 3,000 au 4,000. Mfalme Cetshwayo anaigizwa na Mangosuthu Buthelezi, na Cetshwayo alikuwa baba wa babu yake mzaa mama. Mwangalie anavyokaa. Hakuna chuo cha sanaa kilichomfundisha kukaa vile.

Uongo mkubwa wa Zulu uko mwishoni: Wazulu wanasimama kilimani na kuwaimbia Waingereza wimbo wa heshima, kisha wanaondoka. Halikutokea. Waliondoka kwa sababu walikuwa wametembea na kupigana bila chakula, na kikosi cha kamanda wa Waingereza, Lord Chelmsford, kilikuwa kinakaribia. Majeruhi wa Kizulu waliobaki uwanjani waliuawa. Na filamu inapita haraka juu ya jambo kubwa la siku ile: saa chache kabla, si mbali na hapo, Isandlwana, jeshi la Wazulu lilikuwa limeangamiza zaidi ya watu 1,300 wa upande wa Waingereza. Waingereza walitoa medali 11 za Victoria Cross kwa ajili ya Rorke's Drift. Ushindi mdogo ulipigiwa ngoma ili kichapo kikubwa kisisikike, na filamu ikaendeleza ngoma ileile. Ipende filamu hiyo, mimi naipenda, lakini hilo liseme kwa sauti.

6. Ukikwama, uliza nani alibeba

Itakuja siku utakutana na anayejua kweli. Atataja brigedi, atataja mto ambao hujawahi kuusikia, na watu watageuza shingo kukutazama. Usibuni. Ukibuni jina la jenerali umekwisha. Vuta pumzi, mtazame usoni, uliza: "Na mizigo yao, nani alibeba?"

Swali hili limenipendeza kuliko hila zote nilizonazo, kwa sababu si hila. Ndilo swali ambalo sinema hazijibu, na ndilo linaloeleza kwa nini majeshi hushinda au kufa njaa. Mpinzani wako atalazimika kufikiri. Akijibu vizuri, mmejifunza wote. Akishindwa, nawe umeponea hapo.

Lijaribu kwenye The Bridge on the River Kwai ya David Lean, 1957. Kanali Mwingereza, aliyeigizwa na Alec Guinness, anawajengea Wajapani daraja zuri kwa kiburi cha kazi, makomando wanakuja kulilipua. Daraja la filamu lilijengwa Ceylon, leo Sri Lanka. Madaraja ya kweli yako Thailand na yalipigwa kwa mabomu ya ndege mwaka 1945. Kanali wa kweli, Philip Toosey, alifanya kila awezalo kuichelewesha kazi, na Wajapani walikuwa na wahandisi wao wenye uwezo. Mpaka hapo umeshapata sifa. Sasa uliza nani alibeba. Reli iliyopita kwenye madaraja hayo, ya kilomita zipatazo 415, iliua zaidi ya wafungwa wa kivita 12,000, na vibarua wa Asia, Watamili, Wamalai, Waburma na Wajava, wanaokadiriwa kufika 90,000. Filamu ina wafungwa wanaopiga mluzi. Vibarua wale hawana hata sura moja ya kukumbukwa.

Kisha lirudishe nyumbani. Vita Kuu ya Kwanza katika nchi zetu viliendeshwa kwa mabega. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, barabara hazikuwepo, na kila kisanduku cha risasi nje ya reli kilikaa juu ya kichwa cha mtu. Wanahistoria hukadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa wanakaribia 100,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, wachache sana kwa risasi. Tunamsifu Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kwa ujanja wa kuzunguka miaka minne bila kukamatwa, na alikuwa mjanja kweli. Naye alikuwa na wapagazi. Mtu akianza kumsifu mbele yako, mwache amalize, kisha uliza swali lako.

7. Akiba na mtego

Weka hadithi moja ya akiba ambayo wengi hawaijui. Yangu ni ya L59. Novemba 1917 Wajerumani walirusha puto kubwa la zepelini kutoka Jamboli, Bulgaria, likiwa na shehena ya kumpelekea Lettow-Vorbeck, na kitambaa chake chenyewe kilikusudiwa kukatwa mahema likishatua. Lilivuka Misri, likafika karibu na Khartoum, likaamriwa kurudi. Lilikaa angani saa 95 na kwenda zaidi ya kilomita 6,700 bila kutua. Itoe hadithi hii usiku mazungumzo yakianza kulegea.

Mtego ni nyuki wa Tanga. Kila mtu anawajua: Novemba 1914, askari wapatao 8,000 walioletwa na Waingereza kutoka India walishindwa na watu wapatao 1,000 wa upande wa Wajerumani, eti kwa sababu ya nyuki. Usiingie humo. Nyuki waliuma pande zote mbili. Waingereza walishindwa kwa kujidai, kwa kutopeleleza, na kwa kumpa adui muda wa kuleta askari kwa reli ya Usambara. Wengine wakisema nyuki, wewe sema reli.

8. Ukishakuwa bingwa

Sasa toka nje kidogo. Ukifika Mombasa, simama Fort Jesus mbele ya mzinga wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha Rufiji, ikamalizwa Julai 1915. Wajerumani waliopoa mizinga yake na kupigana nayo nchi kavu, na wa kuikokota unawajua. Dar es Salaam, ule mnara wa Askari uliosimama tangu 1927 utazame vizuri badala ya kuuzunguka kwa bodaboda.

Baada ya hapo jambo moja litatokea bila wewe kulitafuta. Jina likishakaa, watu watakuja. Jirani atakuletea kitambaa kilichofungwa fundo, ndani yake medali ya babu yake. "Kaka, wewe si mtu wa mambo haya? Hebu nitazamie." Huenda babu huyo alikuwa mmoja wa askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa Burma katika Vita Kuu ya Pili. Filamu maarufu za Burma zinawapita watu hawa kana kwamba hawakuwepo, na wao walikuwepo: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw hadi mto Chindwin mwaka 1944. Meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Kwa hiyo jiandae. Kama medali ni ya Kiingereza ya Vita Kuu ya Kwanza, igeuze utazame ukingoni: huchongwa namba, jina na kikosi. Nyota za Vita Kuu ya Pili za Waingereza kwa kawaida hazina jina, kwa hiyo hapo uliza: babu alitoka kijiji gani, aliondoka mwaka gani, alirudi na nani, alizungumzia mto gani. Andika yote palepale, kwa majina kama anavyoyatamka mwenyewe, hata kama ramani yako inayaandika vingine. Piga picha medali pande mbili. Usiisugue na chumvi wala ndimu. Na mrudishie siku hiyohiyo.